Binti yangu anataka kusomea mashine za CNC: aanzie huku Kigoma au nimpeleke mbali?

Mchuuzi wa Mawese (Mwanga, Kigoma)

Mwakeye ndugu zangu. Mimi ni mchuuzi wa mawese hapa Mwanga, na ninaandika kwa sababu nimefika mahali ambapo uamuzi wangu mmoja unaweza kumjenga mwanangu wa kike au kumrudisha nyuma. Alimaliza kidato cha nne mwaka juzi akapata D tano, zikiwamo za Hisabati, Fizikia na Kemia. Tangu akiwa darasa la sita, mashine yetu ndogo ya kukamulia mawese ikisimama ni yeye anayeifungua kabla fundi hajafika, na mara nyingine fundi hukuta kazi imekwisha, akabaki kunywa chai na kuondoka. Siku hizi anatazama kwenye simu mashine za CNC, zile zinazokereza chuma kwa kufuata maagizo ya kompyuta, na ameniambia waziwazi kwamba anataka kufanya kazi katika kiwanda cha kisasa.

Mwezi uliopita tulipata ujumbe kutoka kituo kimoja cha mafunzo kilicho mbali na huku, ambacho sitakitaja. Kinaahidi kumfundisha kuendesha mashine hizo kwa wiki sita, kumpa cheti wanachokiita cha kimataifa, na kumtafutia ajira katika nchi za Ghuba. Gharama ni shilingi 1,800,000 bila chakula wala malazi. Nilipouliza katika wiki hizo sita atashika mashine kwa saa ngapi, nilijibiwa kwamba sehemu kubwa ya mafunzo ni ya kutazama kwenye skrini. Fedha hizo sinazo mkononi. Nitazipata nikiuza eka moja ya michikichi niliyoachiwa na marehemu mama.

Naomba wenye kuijua kazi hii wanieleze njia ya kweli ni ipi, inachukua miaka mingapi, kama D ya Hisabati inatosha, na mtoto aliyekulia Kigoma, ambako viwanda vikubwa ni vichache, ataanzia wapi. Nina pia mdogo wangu aliyekaa miaka tisa katika karakana moja ya Gungu akichomelea na kukereza bila cheti chochote, naye anauliza kama kuna mlango wake.

Mkereza wa Isevya (Tabora)

Ndugu yangu, pole kwa mawazo, ila nakusihi eka ya marehemu mama usiiguse. Nimekereza chuma kwa miaka ishirini na minne, kwanza katika karakana ya reli hapa Tabora na sasa katika karakana yangu mwenyewe, na vijana niliowaona wakifika mbali ni wale walioanza kwa kujua kupima. Mashine ya CNC haimfundishi mtu ukerezaji. Inafuata kile ilichoagizwa, na aliyekosea kipimo wakati wa kuiagiza atakuta imemtolea vipande mia vyenye kosa lilelile kabla ya saa ya chai.

Nikupe mfano unaohusu kazi yako. Mwezi Machi nililetewa shafti ya mashine ya kukamulia mawese kutoka upande wa Uvinza, ambayo ilikuwa imemaliza beringi nne katika msimu mmoja. Beringi yenyewe ni ya namba 6205, ambayo tundu lake ni milimita 25, kipenyo cha nje milimita 52 na unene milimita 15. Fundi aliyetangulia aliona beringi inacheza kwenye shafti, akachukua senta panchi, yaani chuma chenye ncha kali cha kupigia alama kwa nyundo, na kuipiga shafti nukta kuzunguka mahali inapokaa beringi, ili chuma kivimbe na kubana. Kwa siku chache inabana kweli. Lakini wakati huo beringi imeshikwa na ncha za zile nukta tu. Ncha zinalika, beringi inaanza kuzunguka juu ya shafti, joto linapanda, na grisi inatoka nyeusi kama lami. Mwenye mashine anailaumu beringi, ananunua nyingine, na mambo yanajirudia.

Kwa kazi ya namna hiyo, majedwali yanataka shafti izidi milimita 25 kwa kiasi kilicho kati ya milimita 0.002 na 0.015. Unywele wa kichwa hukaribia milimita 0.07, kwa hiyo nafasi tunayoruhusiwa kukosea haifiki hata robo ya unywele. Vernia, ile rula yenye taya ya kupimia unene, haitoshi kukuonyesha hilo. Inatakiwa mikromita, kipimio cha skrubu kinachosoma vipimo vidogo zaidi, na unatakiwa mkono uliozoea kuifunga mikromita kwa mguso uleule kila mara, juu ya chuma kilichofutwa mafuta na kupoa, maana chuma cha moto kimetanuka na kitakudanganya. Mguso huo hujengwa kwa kushika chuma kila siku, na hakuna skrini itakayompa binti yako kwa wiki sita.

Ninyi wa Kigoma, tena, mna ushahidi ziwani. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikavushwa bahari katika masanduku, ikapakiwa kwenye treni hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Matundu ya ribiti yaliyotobolewa Ulaya yalipaswa kukutana na wenzake ufukweni mwa Tanganyika. Sijawahi kupata mfano bora zaidi wa kumweleza kijana kwa nini mchoro na kipimo vinakuja kabla ya mashine.

Ushauri wangu ni kwamba umnunulie binti vernia ya kawaida yenye kusoma hadi milimita 0.02, umpe daftari, apime kila kitu kilichoko nyumbani na kuandika. Baada ya hapo, mpeleke akakae na baba yake mdogo pale Gungu kwa miezi miwili kabla hajaomba chuo chochote. Akirudi bado anaitaka kazi hii, ujue umepata mkereza.

Binti wa Kasulu (Dar es Salaam)

Shikamoo baba. Mimi ni mzaliwa wa Kasulu, na huu ni mwaka wangu wa sita nikiendesha mashine ya CNC katika kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam. Maneno ya mzee wa Isevya ni kweli tupu, nami nitaongeza yale niliyoyapitia, kwa sababu nilikuwa na D ya Hisabati kama ya mwanao.

Nilianza na ufundi mitambo katika VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ngazi ya kwanza hadi ya tatu, na kwa sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa kwenye mashine ya kukereza ya kawaida, ile ya kuzungusha kwa mkono, nikisaga visu vyangu mwenyewe kwenye jiwe. Wakati ule niliona ninacheleweshwa. Sasa ninajua kwamba nilikuwa ninajifunza kusikia chuma: mlio wa kisu kilichochoka, rangi ya vumbi la chuma linapopata joto, mtetemo unaokuja kipande kikitokeza sana nje ya chaki, yaani kishikio cha mashine kinachozungusha chuma. Ninapoiandikia CNC programu leo, ninaandika yale ambayo mikono yangu inayajua.

Kuhusu Hisabati, asiogope, ila asiikimbie. Hesabu ya kila siku ni ya namna hii: ukitaka kujua chaki izunguke mara ngapi kwa dakika, unachukua kasi ya kukata kwa mita, unazidisha kwa 1,000, kisha unagawanya kwa 3.14 mara kipenyo. Chuma laini kikikatwa kwa kisu cha HSS, aina ya chuma kigumu cha kutengenezea visu, kwa kasi ya mita 25 kwa dakika, na kipande kikiwa na kipenyo cha milimita 40, jibu ni mizunguko 199 hivi, kwa hiyo unaweka 200. Pembetatu mraba ataihitaji, na desimali ataihitaji kuliko vyote.

Desimali ndiyo iliyoniumiza. Nikiwa bado mwanagenzi, mahali ambapo sitapataja, niliandika X20, yaani agizo la kipenyo, bila kuweka nukta ya desimali baada ya 20. Katika mashine ile, namba isiyo na nukta husomwa kwa vipimo vya elfu moja ya milimita, kwa hiyo badala ya kisu kusimama kwenye kipenyo cha milimita 20, kilikwenda kutafuta milimita 0.020, yaani katikati kabisa ya chuma, tena kwa G00, ambayo ni mwendo wa kasi usio wa kukata. Nilisikia mlio mmoja tu. Kisu kilivunjika, kishikio kikapinda, na chuma cha watu kikang'oka kwenye chaki. Aliyekuwa akinifundisha hakunifukuza. Alinikalisha na karatasi siku nzima nikaifuatilia programu mstari kwa mstari kwa penseli, na tangu siku hiyo siiwashi mashine bila kwanza kuiendesha programu hewani, kisu kikiwa mbali na chuma. Je, hicho kituo cha wiki sita kina mtu atakayekaa na mwanao siku nzima baada ya kosa la namna hiyo?

Mambo ya skrini anayoweza kuyajifunza nyumbani yapo, na ni ya bure. FreeCAD ni programu ya kuchora ambayo hailipiwi, na LinuxCNC, nayo ya bure, ina sehemu ya majaribio inayomwezesha kuandika G01 ya mstari mnyofu, G02 na G03 za tao, na kuona njia ya kisu kabla ya kugusa chuma. Kompyuta ya kawaida iliyotumika inatosha. Asilipe milioni kwa kitu hicho.

Kwa kuwa ni msichana, baba, ulizia bweni kabla ya kuulizia ada, na umwambie mapema kwamba karakanani nywele hufungwa ndani ya kofia na mtandio hauingii, kwa sababu shafti inayozunguka haina huruma. Mengine yote tunayaweza.

Mwalimu wa Karakana (Cheyo, Tabora)

Nimesoma yote kwa furaha, na ninakubaliana na wenzangu karibu kila mahali, isipokuwa jambo moja nitakalolieleza. Kwanza niweke sawa ngazi zenyewe, kwa sababu wazazi wengi hupotea hapa. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hutoa mafunzo ya ufundi stadi ya ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu, na mwaka wake wa masomo huanza Januari. Upande wa pili kuna vyuo vya ufundi vinavyotoa astashahada na stashahada, yaani ngazi ya 4 hadi ya 6 za NTA (tuzo za taifa za ufundi), kama vile Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1957, na Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanza mwaka 1978. Huko huingii bila angalau D nne katika masomo yasiyo ya dini, na kozi za uhandisi huangalia zaidi Hisabati, Fizikia na Kemia. Binti yako anazo zote tatu, na hilo si jambo dogo.

Hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na binti wa Kasulu. Mwenye sifa hizo anaweza kuomba stashahada ya uhandisi mitambo moja kwa moja, akamaliza kwa miaka mitatu na kuwa fundi sanifu, badala ya kupitia VETA kwanza. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo inakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, na kwa mzazi asiye na fedha mkononi hilo linabadilisha hesabu yote. Hatari yake naijua, kwa maana nimewapokea wahitimu wa stashahada wanaoweza kukueleza nadharia ya mkato wa chuma ubaoni lakini hawajawahi kusaga kisu. Akichagua njia hiyo, basi ile miezi ya Gungu iwe ya lazima, na kila likizo arudi karakanani. Akichagua VETA, tuzo ya ngazi ya tatu pamoja na cheti chake cha kidato cha nne bado itamfungulia mlango wa NTA baadaye. Kumbuka pia kwamba si kila chuo cha VETA kina kila fani, kwa hiyo nendeni chuoni Kigoma mkaulize fani zinazopokea wanafunzi mwaka huu kabla ya kujaza fomu.

Chuo chochote cha ufundi, kiwe cha serikali au cha binafsi, kinapaswa kuwa kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi. Waulize wale wa wiki sita namba yao ya usajili, na usitume hata shilingi kabla hujaithibitisha kwa baraza lenyewe. Na chuo kikishathibitika, nenda ukaione mashine ikifanya kazi kwa macho yako. Nasema hivi kwa uchungu. Katika chuo kimoja nilichowahi kufundisha, mashine ya CNC ilikaa miaka mitatu chini ya turubai kwa sababu kadi moja ya umeme iliungua na hakukuwa na fungu la kuiagiza, huku picha yake ikiendelea kupamba fomu za kujiunga. Wanafunzi wangu walikuwa wanalifunua turubai, wanatazama vitufe, wanalifunika tena. Uliza wanafunzi wangapi hutumia mashine moja, nani huitengeneza, na mara ya mwisho imekata chuma lini.

Wenzetu walioendelea katika viwanda vya kisasa hawajaliacha jambo hili kwa vyuo peke yake. Nchini Ujerumani kijana anayesomea mekatroniki, yaani mitambo, umeme na kompyuta kwa pamoja, fani iliyotambuliwa rasmi huko mwaka 1998, hufunzwa kwa miaka mitatu na nusu akiwa na mkataba na mwajiri, akienda kwa zamu kiwandani na shuleni, na analipwa. Nchini Marekani, katika jimbo la Kentucky, Toyota na waajiri wenzake walianzisha mwaka 2010 programu iitwayo FAME, ambayo mwanafunzi wake hukaa darasani siku mbili kwa juma na kiwandani siku tatu. Katika mifano yote miwili mashine anayojifunzia kijana ni ileile inayozalisha, kwa hiyo haiwezi kukaa chini ya turubai. Ikiharibika leo, kiwanda kinapata hasara leo.

Kwetu ipo Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, yenye mafunzo ya uanagenzi katika fani mbalimbali, na waajiri wenye wafanyakazi kumi na zaidi hulipa kodi ya kuendeleza ujuzi, ambayo sehemu yake huigharamia VETA. Ninatamani kuona nafasi za uanagenzi zikifika kwa wingi katika karakana za huku magharibi, hasa sasa ambapo mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilometa 506, umesainiwa tangu Desemba 2022. Treni za umeme zinataka watu wanaosoma mchoro wa umeme na mchoro wa chuma kwa pamoja. Kwa sababu hiyo, mwambie binti asijifunge kwenye CNC peke yake. Ajifunze na umeme wa viwandani, pamoja na PLC, kile kikompyuta kinachoiamuru mitambo iwake na kuzima kwa mpangilio. Anayeweza kuendesha mashine na pia kujua kwa nini imesimama hakosi mahali pa kufanya kazi.

Na mdogo wako wa Gungu asikate tamaa. VETA ina utaratibu wa urasimishaji wa ujuzi, ambao humpima fundi aliyejifunzia kazini, humwongezea pale anapopungukiwa, kisha humpa cheti. Miaka tisa ya kuchomelea na kukereza ni mali. Aende na daftari la kazi alizozifanya, au hata picha za kwenye simu.

Mchuuzi wa Mawese (Mwanga, Kigoma)

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza nifanye mliyoniambia. Niliwaandikia wale wa wiki sita nikiomba namba ya usajili, na hadi leo, siku ya kumi na moja, hawajajibu. Eka ya mama ipo palepale.

Vernia tumenunua. Jumamosi binti alifungua mashine yetu akatoa shafti, akaifuta kwa kitambaa, akaiacha ipoe barazani, kisha akaipima mahali inapokaa beringi mara tatu, kila mara akiigeuza kidogo. Aliandika 24.62, 24.60 na 24.64. Beringi yake nayo ni 6205. Nilipoinama kutazama niliziona nukta za senta panchi zimezunguka shafti yote, zimelika hadi zimekuwa laini, na nikakumbuka beringi zote nilizonunua tangu mwaka jana. Baba yake mdogo anasema itajaziwa kwa kuchomelewa na kukerezwa upya, na kwamba binti ndiye atakayesimama kwenye mashine siku hiyo, yeye akiwa pembeni.

Swali langu lililobaki ni kwa mzee wa Isevya: wakati wa kujazia, tuizungushe shafti kidogokidogo au tumalize upande mmoja kwanza? Binti anahofia itapinda.

Mkereza wa Isevya (Tabora)

Amehofia jambo sahihi kabisa. Chomeleeni mstari mfupi upande mmoja, geuzeni nusu mzunguko mchomelee mkabala wake, kisha robo, na mkabala wake tena, mkiiacha ipumue katikati. Msiipoze kwa maji. Jazieni hadi ifike kama milimita 28, ili kisu kipate chuma safi cha kukata. Kabla ya kukereza aikague kwa kuiweka kati ya senta mbili, zile ncha za mashine ya kukereza zinazoshika shafti mwisho na mwisho, na kuizungusha kwa mkono. Kisha aniandikie kipimo cha mwisho, na akipime kwa mikromita. Baba yake mdogo akiwa hana, yangu nitaituma kwa treni.